Maji ya Chokaa na Posa ya Mwanangu

Jumatatu, 6 Machi 1911

Leo nimeona jambo. Wino umedondokea kanga mpya na sijali.

Mwanangu Jaffar hutengeneza dawa katika duka la Kutbuddin, hapa Mji wa Kale. Hakuna kijana mwingine Mombasa anayepima kwa mizani ndogo kama ile. Nimeuliza. Basi karudi na kichupa cha maji maangavu, kasema ni maji ya chokaa. Alichukua jiwe la matumbawe lililochomwa tanuuni, akalimwagia maji, likafoka na kutoa mvuke kama lililotukanwa. Akaliacha litulie. Maji ya juu ndiyo dawa ya matumbo ya watoto wachanga.

Kisha kanipa bua la jani la papai, kanambia nipulizie ndani. Nikapuliza. Yakawa maziwa!

Kanieleza ati jiwe likichomwa hutokwa na hewa fulani, na hewa hiyo imo katika pumzi zetu. Nikipuliza, chokaa huidaka ikawa jiwe tena, unga laini kama wa chaki ya shule. Yaani nimepuliza jiwe. Mimi Shariffa, niliyesoma nikaishia Juzuu Amma! Nimesahau jikoni mpaka adhana ya laasiri. Haijapata kutokea.

Jumanne, 7 Machi

Nimepata akili.

Alhamisi tunakwenda kwa Bi Mwanakuu kumposea Jaffar binti yake, Afaf. Kikwazo ni Bi Mwanaesha, anayemtaka Afaf kwa mwanawe Amin. Amin ni karani Kilindini. Ana viatu vya ngozi vinavyolia, na mama yake hutembea kana kwamba kavivaa yeye. Bi Mwanakuu katuita sote siku moja, atoe jibu apumzike na maneno. Nikishindwa sijui nitamfanyaje Jaffar. Tangu Idi, Afaf akitajwa tu, mtoto humwaga chai.

Sasa shauri langu. Nitasema maji haya hugeuka kwa pumzi ya mtu mwenye moyo safi. Jaffar atapuliza, yatageuka. Bi Mwanaesha nitampa bilauri ya maji matupu apulize kwa niaba ya Amin. Basi! Jaffar nimemwambia alete chupa nyingine tu. Kauliza ya nini. Nimesema tumbo.

Jumatano, 8 Machi

Chupa yenyewe ndogo mno. Heshima gani hiyo? Nimeimimina katika jagi la kioo nililotunzwa harusini, nikajazia maji ya mvua mpaka juu. Sasa inapendeza.

Bi Mwanaesha kapita mlangoni, kauliza kama Jaffar bado anauza dawa za kuhara. Nimemjibu ndiyo, na tumbo la Amin tunalikumbuka. Tumeagana vizuri.

Alhamisi, 9 Machi

Bi Mwanakuu ni shangazi yake Jaffar kwa mbali, kwa hiyo kijana aliruhusiwa kuingia nami ukumbini. Afaf nyuma ya pazia. Bi Mwanaesha keshakaa, kwenye mto mzuri.

Nikatoa maneno yangu ya moyo safi. Jaffar kanitazama kama niliyevaa buibui juu chini. Nikamkanyaga kidole, nikammiminia bilauri kutoka jagini, nikampa bua. Kapuliza. Maji yakaingia ukungu, yakawa meupe. Bi Mwanakuu kashika kifua.

Hapo mwingine angenyamaza. Mimi ni mama. Nikamwambia apulize zaidi, waone. Kapuliza, kapuliza, mishipa ya shingo imemtoka. Weupe ukapungua. Ukaisha! Maji yakawa maangavu kana kwamba hayajaguswa.

Bi Mwanaesha ile bilauri niliyomwandalia alikwisha kuinywa. Kafuta midomo. "Dada, mbona wema wa mwanao hauna akiba?"

Pazia likacheka. Nikaona posa inazama.

Jaffar kaomba seredani ya kahawa yenye makaa, na sufuria. Kayachemsha maji yaleyale, kayarudisha bilaurini. Weupe umerudi! Taratibu, kama mtu anayekumbuka jina. Hata mimi nilisahau niko vitani.

Kisha mwanangu kaharibu kila kitu. Kasema kweli. Kasema moyo hauna kazi hapa, pumzi ya yeyote hufanya vile, hata ya mwizi. Pumzi ikizidi, jiwe huyeyuka likajificha majini, na moto hulitoa. Tena mama kaongeza maji, ndiyo maana weupe ulikuwa hafifu. Mbele ya Bi Mwanaesha!

Halafu kagusa ukuta. "Shangazi, hii lipu ya chokaa ilipopakwa ilikuwa laini. Imekuwa jiwe kwa kunywa hewa hiyohiyo. Pumzi za waliokaa humu zimo."

Lipu ile aliipaka marehemu mumewe kwa mkono wake, mwaka waliooana. Bi Mwanakuu kainuka, kaweka kiganja ukutani. Kakaa hivyo kitambo kirefu. Bi Mwanaesha kaacha kujipepea. Nikawa nazibana pumzi zangu, naona kama nazitia katika nyumba ya watu bila ruhusa.

Kisha Bi Mwanakuu kageuka kwangu. "Afaf nampa Jaffar. Kijana anayeweza kusema kweli mbele ya mama kama wewe, hatamdanganya mwanangu."

Mama kama mimi! Kanisifu mbele za watu! Bi Mwanaesha kaaga mapema, kichwa kinamgonga.

Jumamosi, 11 Machi

Mtaa mzima unajua posa imekubaliwa kwa akili zangu. Nimewaeleza mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Jaffar kaniomba kwa upole nisiguse tena chupa yoyote. Hataki nichoke, mtoto wa watu. Ila katika mazungumzo kaponyokwa: unga wa chaki ukikamuliwa ndimu huumuka povu, hupanda wenyewe bila moto. Hupanda! Subhanallah.

Nimekwenda kwa Kutbuddin Jaffar akiwa hayupo, nimenunua kopo zima la unga huo. Sharubati ya harusi itakuwa ya ndimu, na unga nitautia mwenyewe. Bi Mwanaesha nitamkalisha karibu kabisa na dumu lake, apate kuona vizuri.