Bastola ya Vlasta Yatafuta Ala

Jumamosi, 1 Julai

Nimefanya upumbavu tena. Niuandike upesi kabla sijaanza kuuona kuwa ni busara.

Jioni palikuwa na mkutano wa chama chetu cha shabaha, kisha baa, kama kawaida. Tulizungumzia mashindano yetu ya kila mwaka, safari hii ya kumkumbuka marehemu mke wangu Vlasta, tarehe 19 Agosti. Mara ya kwanza yanafanyika bila yeye kuyashinda. Sheria ni ileile: unasimama mstarini bastola ikiwa kiunoni, ndani ya ala ya ngozi inayoikaa sawasawa. Huna ala, kaa na watazamaji ule soseji.

Bastola ya Vlasta ni ya toleo la mwaka 1938. Kubwa, nzito, na kifyatulio chake kigumu kama mfuniko wa chupa ya matango. Maduka ya jiji la Brno yana ala za kila bastola isipokuwa hiyo. Ala yake ya zamani nilimzika nayo. Nilimfunga kiunoni mwenyewe, juu ya gauni la buluu. Bila hiyo alionekana kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Oldřich, kaka yake, hajanisamehe. Bastola ilikuwa ya baba yao, na mzee alimpa binti kwa sababu binti ndiye aliyekuwa akipiga shabaha. Leo Oldřich kasema mbele ya watu wote: "Shemeji, bastola ya baba yetu siku hizi inalala ndani ya soksi."

Kicheko meza nzima. Na ni kweli! Soksi ya sufu, kaifuma Vlasta mwenyewe, lakini ni soksi.

Bia ya tatu ikanijibia. Nikatangaza kwamba tarehe 19 nitasimama mstarini na bastola hiyo, ndani ya ala mpya kutoka ng'ambo, nami nitapiga. Nikishindwa, Oldřich aichukue, iwe yake. Zdislava, mwenyekiti wetu, alivaa miwani, akaniuliza kama nimesema hayo kwa akili zangu timamu. Nikasema ndiyo. Akayaandika nyuma ya karatasi ya bia, ile ngumu ya kuwekea glasi.

Jumanne, 4 Julai

Ushindi! Nimeipata mtandaoni. Ala ya ngozi kutoka Uturuki, na muuzaji anaapa kwamba inaikaa bastola yoyote duniani. Yoyote! Nashangaa watu wanavyohangaika kutafuta. Akili tu inatakiwa.

Nikakutana na Oldřich kwa mwokaji. Nikamsalimia kwa upole wa mtu anayejua jambo. Akaniuliza kama meno yananiuma.

Jumatano, 12 Julai

Ala imefika. Inaikaa bastola yoyote kama gunia linavyowakaa watu wote. Nikaivaa nitembee nayo uani, niizoee. Nilipoinama kuwapa kuku chakula, bastola, tupu bila risasi, ikachomoka yenyewe ikatumbukia kwenye ndoo ya pumba. Kuku wakanitazama. Jogoo hasa.

Nimeisafisha kwa mswaki wa zamani wa Vlasta. Bado uko kwenye glasi. Sijui kwa nini nautunza, ila leo umefanya kazi.

Nimemwandikia fundi mmoja wa Toscana, Italia, Bwana Ermenegildo, anayeshona ala kwa mkono. Amejibu leo hii hii. Anaiheshimu sana bastola yangu lakini hana kalibu yake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba. Nimpelekee mfano wake, wa ukubwa uleule, wa mti au kitu kingine kigumu, aikunje ngozi juu yake. Bastola yenyewe nisithubutu kuiweka kwenye posta.

Mfano wa mti. Mji huu una seremala mmoja tu. Anaitwa Oldřich.

Sithubutu! Afadhali nichonge kwa meno.

Jumamosi, 15 Julai

Nimepata wazo zuri kuliko mti. Nta! Chumba cha nyuma kimejaa nta ya mizinga ya Vlasta, matofali kwa matofali, manjano kama siagi. Alikuwa akirudi kutoka kwenye mashindano anakwenda kwanza kwa nyuki kuwasimulia matokeo, ndipo anisimulie mimi. Aliposhindwa, aliwaambia nyuki ulikuwa upepo. Mimi aliniambia ukweli.

Nikatengeneza kalibu ya plasta, nikamimina nta, nikangoja. Ikatoka bastola nzuri kuliko bastola! Kila mstari upo, hata ule mkwaruzo kwenye mpini, wa siku alipoidondosha kwenye ngazi za kanisa. Nikaifunga kwa gazeti, nikaitia kwenye sanduku la viatu.

Bibi wa posta akauliza kuna nini ndani. Nikamjibu nta. Akaniambia safari hii nimemletea mzigo wa maana.

Jumatano, 19 Julai

Joto la ajabu. Redio inasema Italia yote inaungua na wazee wasitoke nje. Paka amelala kifudifudi kwenye vigae vya jikoni. Mshumaa ulio mbele ya picha ya Vlasta umeinamisha kichwa mpaka mezani. Nikaunyoosha kwa kidole, nikaenda kulala.

Alhamisi, 10 Agosti

Ala imefika.

Sijawahi kuona kazi safi kama hii. Ngozi ya rangi ya hudhurungi iliyokolea, nyuzi zimepangwa kama meno ya mtoto, kila pindo limesuguliwa likang'aa. Na ina umbo la ndizi.

Bwana Ermenegildo ameambatanisha barua. Anashukuru kwa heshima niliyompa. Katika maisha yake ya ufundi hajapata kuona bastola yenye mpindo wa namna hii, na kwanza alidhani kuna kosa, lakini akajikumbusha kwamba mataifa ya Ulaya ya kati yana werevu wao. Amefuata mpindo huo kwa uaminifu mkubwa. Kama si siri ya kijeshi, je, inapiga nyuma ya kona?

Nikakaa kwenye ngazi. Nikacheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea bila kicheko. Vlasta angeisoma barua hiyo kwa sauti kila Krismasi.

Zimebaki siku chache na hakuna muda wa kutuma kingine. Lakini ngozi ni ngozi. Iliyopinda huweza kunyooshwa.

Jumapili, 13 Agosti

Wenye ujuzi wanasema hivi: loweka ala kwenye maji ya uvuguvugu, ivalishe bastola nailoni, itie ndani, acha ikauke polepole kivulini.

Nililoweka. Nailoni sikuiona karibu. Kivuli ni cha watu wenye subira. Nikaisukuma bastola ndani kwa nyundo ya mpira, nikaiweka ala kwenye oveni iliyokuwa bado ina joto la mkate.

Imenyooka! Imekaa kama ngozi ya mwili. Hakuna hata nafasi ya kupitisha ukucha.

Kuitoa nitajaribu kesho. Leo nisiisumbue.

Jumatatu, 14 Agosti

Haitoki.

Ijumaa, 18 Agosti

Sabuni, mafuta ya nguruwe, unga wa talki unaonyunyizwa sakafuni siku za dansi. Nimeibana mlangoni nikavuta, mlango ukang'oka bawaba moja. Na bawaba hutengenezwa na nani mjini hapa? Basi mlango utaegemea ukuta.

Ningeweza kuikata ala kwa kisu. Nilikishika kisu. Nikakirudisha kwenye droo. Nikijiuliza sababu, najiambia ni kwa heshima ya ufundi wa Bwana Ermenegildo.

Jumamosi, 19 Agosti

Nilikwenda. Shati jeupe, mkanda wa Vlasta, ala kiunoni. Watu walipiga miluzi ya kustaajabia. Oldřich aliitazama ala bila mzaha, na hilo likanipendeza kwa kama dakika moja.

Zdislava akatoa amri. Majirani zangu wakachomoa bastola, nami nikachomoa suruali. Ilipanda mpaka kifuani. Nikavuta tena. Mkanda ukapanda, suruali ikapanda, soksi zangu zikaonekana, moja ya kijivu na moja ya kahawia. Watazamaji wakaacha kula soseji.

Zdislava akaja na ile karatasi ya bia. Akasema kwa upole kwamba maneno ni yangu: kusimama na kupiga. "Kusimama umesimama, Ctibor mwanangu," akasema. Hakumalizia.

Nikafungua mkanda mwenyewe. Nikampa Oldřich ala na bastola yake ndani. Niliona vizuri nimpe mkononi, si kuiweka mezani kama chenji.

Akajaribu kuichomoa. Uso ukamwiva. Akaniambia nishike upande wa pili, basi tukavutana mbele ya mji mzima, wazee wawili na ala moja, mpaka tukakalia nyasi wote wawili. Pale chini akaileta ala karibu na macho kuitazama mishono. Akaisogeza puani.

Ngozi ile ilikunjwa juu ya nta. Siku nilipoitia kwenye oveni, nta ikaingia ndani kabisa.

"Shemeji," akasema, "inanukia chumba chake cha nyuma."

Nikasema ndiyo.

Akaishika hivyo muda mrefu, wenzetu wakajifanya wanahesabu matundu kwenye shabaha zao. Kisha akanirudishia. Akasema ikae kwangu, ila yeye atakuja kila Jumapili kuiona, na mimi nisiguse kisu. Na kwa nini sikumwomba anichongee mfano wa mti? Angeuchonga kwa siku mbili, wa mti mgumu wa mwalnuti, mpumbavu mimi. Nikamwambia nilikuwa na shughuli nyingi.

Amekuja jioni akautia mlango bawaba. Hakuuliza imeng'okaje.

Jumapili, 27 Agosti

Oldřich kaja kama alivyoahidi. Tumeiweka ala mezani, tukanywa kahawa, tukamsimulia Vlasta habari za mji, kila mtu akimsahihisha mwenzake. Siku nzuri. Nilijisikia mwepesi sana, na hapo ndipo hatari yangu huanzia.

Baadaye baa. Zdislava alilalamika kwamba bastola yake ya Ubelgiji, ya marehemu mumewe, yenye mzingo, kile kigurudumu cha risasi saba, haina ala popote duniani. Nikamwambia asihuzunike. Ninamjua fundi wa kuaminika, Toscana. Atakuwa nayo kiunoni kabla ya Krismasi, na nikishindwa, achukue mizinga yangu yote ya nyuki. Ameandika nyuma ya karatasi ya bia.

Oldřich akanikanyaga mguu chini ya meza. Akasema mfano atauchonga yeye, ila nimpe wiki mbili kwa sababu ya kazi ya madirisha ya shule.

Wiki mbili! Mimi nimekwisha kupata njia. Nta ilikuwa kosa, nakubali, nta huyeyuka. Lakini ule mkate mgumu wa asali na viungo, tunaooka kwa ajili ya sikukuu, ukikauka ni kama kigae cha paa. Nimeukanda jioni hii kwa umbo kamili, mzingo na risasi zake zote saba. Uko kwenye oveni sasa, nyumba nzima inanukia.

Kesho naupeleka posta. Hauyeyuki, hauvunjiki. Na nani atakayekula bastola?