Masika wa Mabanga na Vita vya Mlango wa Vioo

Nyamazeni, enyi watu wa mtaa huu wa Mabanga! Teremsheni mabidoni yenu ya maji, na wewe unayecheka na simu, itie mfukoni, maana sitarudia. Nawaletea habari za Masika mzaliwa wa Butembo, mwenye macho makali na mkono mwepesi jikoni, mke wa Lévi mvuka milima, na jinsi alivyotoka peke yake, bila mkuki wala ngao, kwenda kuuokoa mlango wake. Najua wapo watakaonung'unika kwamba hii ni habari ya pazia tu. Hao wakae nyuma.

Jueni basi kwamba Lévi alikuwa mfanyabiashara wa njia ndefu. Juma zima alikuwa Bunagana, kule mpakani, na magunia yake, akarudi Jumamosi alasiri, akaondoka tena Jumapili baada ya misa. Na katika safari moja yenye kusifika alirudi na mlango mkubwa wa vioo, uliolazwa juu ya lori kati ya magodoro kama mgonjwa. Akaung'oa mlango wa mbao wa upande wa baraza, akausimika ule wa vioo, akahutubia majirani. "Masika wangu, umekaa mu giza kwa sababu yangu. Kuanzia leo jua itaingia kwako bila kupiga hodi!" Watu walipiga makofi, na Masika akalia kwa furaha.

Lau angejua! Jua liliingia, na nyuma ya jua akaingia Hilaire.

Hilaire huyu alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mwenye pua isiyokosea na matembezi yasiyoisha. Nanyi mnajua desturi yetu: mtu akiiona sahani yako, nawe ukaona kwamba ameiona, huna pa kukimbilia, utasema karibu. Enzi za mbao hakuna aliyeona kitu. Sasa kila Jumamosi, Lévi akishanawa tu, Hilaire alipita barazani polepole, macho yakakutana kwenye kioo, na Masika akatamka kwa uchungu, "Karibu, papa Hilaire." Aliingia na njaa yake na habari za goti lake, akakaa mpaka Lévi anasinzia kitini.

Mapaja ya kuku aliyoyamaliza Hilaire yalimuuma Masika, siwafichi. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa na hamu ya mume wake. Kila Jumamosi Lévi alianza, "Masika, kuna neno nataka kukuambia," na kila Jumamosi neno lile lilikatwa na hodi. Jumatatu hadi Ijumaa mama wa watu alibaki akijiuliza ni neno gani. Labda ugonjwa. Labda, Mungu apishe mbali, mwanamke wa Bunagana.

Hapo ndipo shujaa alipoapa kuutia mlango pazia. Akapima mambo kama jemadari: pazia zito litarudisha giza na kuitukana zawadi ya mume, tena watu watasema Masika anajifungia na chungu chake, na jina la uchoyo likishakuganda halitoki kwa sabuni. Alihitaji kitambaa kitakachopitisha jua na kumzuia Hilaire.

Ijumaa adhuhuri, jua likiwaka, alijitosa sokoni, akasimama mbele ya kibanda cha Mama Kanyere, malkia wa mapazia. Kanyere akainua kitambaa kizito cha rangi ya damu. "Chukua hii, mama! Hata radi haipite hapa!"

"Mama Kanyere," akanguruma Masika, "mimi sizike mutu. Nipe rido yenye kuruhusu jua na kukataza jirani."

"Jirani wa namna gani?"

"Wa kunusa."

Kanyere akajishika kifua, maana na yeye alikuwa naye mmoja. Akatoa pazia la matundu kama wavu. Masika akalikataa: kwa matundu yale Hilaire angehesabu hata mifupa. Ndipo kutoka chini kabisa ya rundo kikaja kitambaa cheupe, chepesi, kile ambacho wauzaji hukiita vwali. Jua lilikipenya likatoka limepoa.

Lakini Masika hakuwa mtu wa kudanganywa na weupe. "Ingia nayo ndani ya kibanda, uitundike, ukae nyuma yake ukule kitu. Mimi nabaki hapa kwa jua. Nikiona mudomo wako inatembea, sinunue!"

Kanyere akaingia kizani na andazi lake. Masika akakodoa macho, akaenda kushoto, akaenda kulia, akainama mbele ya soko zima. Aliona weupe mtupu. "Unakula?" aliuliza.

"Nilishamaliza, mama!"

Wachuuzi walishangilia. Masika akalitwaa pazia, akalipandisha kichwani, akarudi nyumbani akitembea katikati ya barabara, na mapikipiki ndiyo yaliyompisha.

Jumamosi pazia lilitundikwa. Mchana Masika alisimama barazani, akachungulia, hakuona hata kiti, akacheka peke yake. Lévi alipofika alilisifu sana. Jua likazama, taa ya sebuleni ikawashwa, kuku akatua mezani. Masika akatazama pazia: nje hapaonekani kitu! Akakata shauri, kwa kosa lile linaloangusha majemadari, kwamba asiyemwona naye hamwoni.

"Masika," akaanza Lévi, "kuna neno nataka..."

Kikohozi barazani! Masika akasukuma chungu chini ya meza, akanyakua Biblia. "Tuombe!" akanong'ona. Wakainamisha vichwa, Lévi akiwa na bawa zima shavuni.

"Hodi," ikasema sauti tulivu ya Hilaire. "Muendelee tu na sala, mama. Lakini mutoe kwanza kuku chini ya meza. Paka ameshaingiza kichwa."

Aibu gani hiyo! Hilaire alikaribishwa, akala akashiba. Masika alipomsindikiza hadi getini, akageuka, akaona: mumewe ndani ya mwanga wa taa, anachokonoa meno, anaonekana hadi kifungo kilichokatika. Na juu ya ukuta wa mawe walikaa mama wawili wa ng'ambo ya barabara. "Bonsoir, Mama Masika," wakasema bila haya. "Leo filamu ilikuwa fupi."

Masika alilia kidogo pale getini. Kisha akatazama tena, na machozi yakakauka. Sokoni mwanga ulikuwa kwake, na andazi lilikuwa gizani. Hapa mwanga ulikuwa upande wa kuku! "Kumbe!" akasema kwa sauti.

Jumamosi iliyofuata alimpandisha Lévi juu ya kiti na kumwamuru aihamishe taa barazani. "Tutakula mu giza?" akauliza maskini.

"Papa, wewe uliniletea mwanga, mimi naupanga. Fungua hiyo waya!"

Jioni taa ikawaka nje. Mwanga ulichujika kupitia vwali, ukafika mezani umelainika, wa kutosha kuona sahani na uso wa mtu. Na walio nje walionekana wote! Hilaire alifika, akabandika pua kwenye kioo, akaona weupe, akarudi nyuma akijikuna. Wale mama wawili wakaja na viti na ungo wa maharagwe ya kuchambua. Hakuna aliyepiga hodi, maana hakuna aliyeona kitu.

"Masika," akanong'ona Lévi, "kuna neno nataka kukuambia."

Akangoja hodi kwa mazoea. Haikuja. "Nimechoka na njia. Nataka kuacha Bunagana, nifungue duka hapa Mabanga. Nikule na wewe kila siku. Ukikubali."

Masika alishindwa kutafuna. Miezi yote ile alikuwa ameogopa neno hili! Akamshika mkono, akasema ndiyo, akasema tena ndiyo, mpaka Lévi akamwomba apunguze sauti.

Nje, Hilaire alikuwa amepanda juu ya kiti chini ya taa. "Batu ya Mabanga!" akahutubia. "Wengine banawashaga taa kwa ajili ya tumbo yao. Huyu mama amewashia avenue nzima, yeye mwenyewe amekaa mu giza! Mumupigie makofi!"

Na Mabanga, wasijue wanashangilia nini, wakampigia makofi marefu.