Sampuli za Mama Pindo

Siku Makadirio alipoiona ile nyumba, alisimama na kuvua kofia. Wapita njia walidhani kuna msiba. Kumbe alikuwa anatoa heshima kwa riziki.

Ilikuwa nyumba ya mbao ya vyumba vinne, imesimama peke yake kwenye kona ya mtaa. Mbao za nje zilikuwa zimeoza kuanzia chini, nyingine zimepinda kama midomo ya watu walionuna. Juu ya ngazi alikuwepo mwanamke wa makamo, pini mdomoni, akishindilia vipande vya vitambaa kwenye nyufa kwa kisu cha mezani.

Makadirio hakuwa fundi. Alikuwa mtu wa makadirio tu, na jina hilo alipewa na watu waliokuwa bado wanamtafuta. Zana zake zilikuwa tepu ya kupimia, penseli nyuma ya sikio, na faili la plastiki lenye picha za nyumba za watu wengine. Alikuwa anapima, anaandika, anapokea kianzio cha kununulia vifaa, kisha anahama mtaa. Mitaa sita ilikuwa inamsubiri arudi na mbao.

Habari za nyumba ile alizipata kwa kinyozi, ambaye hakuulizwa. Mwanamke ni fundi cherehani, anaitwa Mama Pindo. Mumewe alifariki miezi saba iliyopita. Mafao ya marehemu yametoka juzi, hana fedha nyingine, na mvua zikianza kabla ukuta haujatengenezwa, nguo za wateja zitalowa pamoja na kitanda chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni suruali ya kukata, weka hapo mezani."

"Sikuja kwa suruali, nimekuja kwa ukuta. Nilikuwa napita, nikausikia unalia."

Mama Pindo alitoa pini mdomoni. "Unalia kwa sauti gani?"

"Ya chini, mama. Kama mtu mwenye aibu."

Mama Pindo alishuka ngazi. Makadirio akafungua faili na kumweleza kuhusu mbao za saruji: saruji, mchanga na nyuzi za miti, vinagandamizwa kiwandani mpaka vinakuwa ubao mrefu. Zinapigiliwa juu ya ukuta, kila moja ikilalia ya chini yake, ili maji yateleze nje.

"Haziozi," alisema. "Mchwa akiuma, meno yanabaki hapo hapo. Na moto ukija, unaomba radhi, unakwenda kwa jirani."

"Jirani yupi?"

"Hilo utaamua wewe, mama. Sisi kampuni hatuingilii."

Wakaanza kupima, Mama Pindo akishika ncha moja ya tepu. Kwa kawaida mtu akipima ukuta wa kuvika mbao hutoa milango na madirisha, kwa sababu hakuna anayepigilia ubao juu ya mlango wake. Makadirio aliyajumlisha yote. Alipima mlango, akapima madirisha, akapima na kivuli cha dirisha. Ukuta wa magharibi aliupima mara mbili, akidai jua limeuvuta.

Sasa, Mama Pindo alikuwa ameishi miaka thelathini na tepu shingoni. Alipoinamisha macho kutazama ncha aliyoishika, aliona kwamba imekatika, na hesabu yake inaanzia sentimita ya kumi na tisa. Aliishika vizuri zaidi, akauliza kama fundi angependa maji ya kunywa.

Makadirio alikunywa maji, akasoma makadirio yake akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayesoma wosia.

"Mbao mia tatu na kumi. Asilimia kumi za kupotea wakati wa kukata. Asilimia tano za upepo. Misumari. Rangi ya kuanzia, rangi ya kumalizia, na rangi ya katikati ili hizo mbili zisigombane. Gharama ya kuizoesha nyumba."

"Kuizoesha nini?"

"Uzito. Imezoea mbao za kawaida. Ukiivika saruji ghafla inaweza kushtuka."

"Ikishtuka inafanyaje?"

"Inakaa chini, mama."

Mama Pindo alitikisa kichwa kwa huruma, pengine kwa nyumba. "Na hizi mbao za zamani?"

"Tunang'oa zote."

"Hapana. Zilizooza kata. Zilizo nzima usiguse. Alizipigilia marehemu mwenyewe, tukiwa hatuna hata mlango."

Makadirio aliinamisha penseli. Aliheshimu wafu; hawakuwahi kumdai kitu. Kisha akataja kianzio: milioni tatu, leo au kesho asubuhi, maana kiwanda hakingoji.

"Sina neno," alisema Mama Pindo. "Ila mimi sikati kitambaa kabla mteja hajajaribishwa. Namvika, namtia pini, namgeuza, namtazama mgongoni. Na nyumba yangu ijaribishwe. Niwekee sampuli."

Makadirio alichomoa mfukoni kipande cha ubao chenye ukubwa wa kiganja.

"Hiyo leso," alisema Mama Pindo. "Mtu akitaka gauni simwonyeshi leso. Nataka zipigiliwe ukutani, zilaliane, zipakwe rangi, nizitazame nikiwa ng'ambo ya barabara. Kumi na mbili zinatosha. Kifua tu cha nyumba."

Makadirio alipiga hesabu ya haraka. Mbao kumi na mbili upande mmoja, milioni tatu upande wa pili. Hata mtu asiye na elimu angeona. Akaenda dukani na fedha zake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, hata muuza duka alimwomba arudie alichosema.

Alimkodi seremala kwa siku moja. Jioni kifua cha nyumba kilikuwa kinang'aa. Mama Pindo alivuka barabara, akafumba jicho moja.

"Nyororo mno," alisema. "Zinainenepesha. Hakuna zenye alama za mbao?"

"Zipo, mama. Kwa hiyo tuandikishe hizo, kianzio..."

"Nizione kwanza. Ila usitoe hizi, nitalinganisha. Hizo nyingine weka ubavuni. Jua la ubavuni si la kifuani."

Makadirio angeondoka siku ile, na hadithi ingeishia hapo, kama asingetokea shemeji wa Mama Pindo, mdogo wa marehemu, amevaa koti na kushika funguo nyingi. Aliizunguka nyumba mara mbili bila kuamkia mtu.

"Kazi si mbaya," alisema. "Shemeji, ukimaliza kuchagua unijulishe. Zile nyumba nane nazo zinahitaji."

"Nane?" aliuliza Makadirio.

"Za kupangisha," alisema shemeji, akachezesha funguo. "Lakini mimi ninafuata anachochagua shemeji yangu. Ana jicho."

Nane na moja ni tisa. Tisa mara milioni tatu ni hesabu ambayo Makadirio aliifanya kwa vidole, kwa penseli, kisha kwa kufumba macho, na kila mara ilitoka nzuri vilevile. Wiki hiyo aliuza pikipiki yake.

Ubavuni ziliwekwa mbao ishirini na tano zenye alama za mbao. Mama Pindo alizipenda, ila akataka kujua rangi ya kiwandani ikoje ikilinganishwa na ya kupaka kwa brashi, na hilo lilihitaji ubavu wa pili, nusu kwa nusu. Nyuma akataka mbao nyembamba, "maana nyuma ndiko watu wanakosema ukweli." Sehemu ya kifua iliyobaki akataka ijazwe kwa rangi nyingine, alinganishe. Pembetatu ya juu, chini ya paa, akataka vibao vifupi kama magamba ya samaki. Makadirio hakuwa tena na fedha za seremala, kwa hiyo alipanda ngazi mwenyewe, kitambaa puani kwa sababu ya vumbi la saruji, akajipiga nyundo vidole ambavyo havikuwahi kushika kitu kizito kuliko penseli.

Mama Pindo alisimama chini.

"Fundi, hii imelalia vidole viwili, ile kimoja. Fumua."

"Mama, ni sampuli tu!"

"Ningekushonea shati lenye mkono mmoja mfupi, ungesema ni sampuli? Fumua."

Alifumua. Alipoanza ukuta mwingine kwa chini, aliteremsha ubao wa kwanza mpaka ukagusa udongo. "Pandisha," alisema Mama Pindo. "Pindo haliburuzwi kwenye tope. Litanyonya maji." Akapandisha kiasi cha shibiri moja. Wakati wa pembe za nyumba aliuza simu. Wakati wa magamba ya samaki aliuza suti yake ya kuombea kianzio.

Ndipo likatokea jambo lisilo na maelezo. Siku moja Mama Pindo alimletea misumari ya kawaida, akasema ni ya bei nafuu. Makadirio aligeuka juu ya ngazi, uso mweupe kwa vumbi, akafoka.

"Ya kawaida? Mama, hiyo itaota kutu! Miezi sita tu, rangi yote michirizi! Unataka watu waseme kazi hii kafanya nani?"

Kisha akashika kinywa chake, kama mtu aliyesikia sauti ya mgeni chumbani mwake. Siku hiyo akanunua misumari isiyoshika kutu. Alilipa kwa saa yake ya mkono.

Alipopigilia ubao wa mwisho, ulikuwa wa mia moja na themanini. Alishuka, akajifuta, akafungua faili.

"Basi, mama. Umeona za kila aina. Chagua."

"Nimechagua," alisema Mama Pindo. "Nataka zile zenye alama za mbao."

"Vizuri sana!"

"Sasa niambie, tutaziweka wapi?"

Makadirio aliizunguka nyumba. Akaizunguka tena, kinyume. Ilikuwa imevikwa kuanzia shibiri moja juu ya ardhi mpaka chini ya paa, namna saba za mbao, rangi tano, na hapakuwa na mahali pa kupachika hata leso.

"Lakini kianzio!" alisema.

"Kianzio cha kuanza nini, mwanangu?"

"Nitakupeleka polisi!"

"Twende wote. Utawaonyesha na kampuni iko wapi."

Makadirio alimgeukia shemeji, ambaye alikuwa amekuja kutazama. "Mzee, zile nyumba nane..."

"Ni za mwajiri wangu," alisema shemeji. "Mimi nafagia ngazi. Hata mimi mwenyewe nimepanga chumba."

Wingu lililokuwa juu yao tangu asubuhi likafunguka. Mvua ilishuka kwa hasira, kwa ubavu, na wote watatu wakakimbilia ndani. Walisimama chumbani. Mama Pindo aliinama kando ya kitanda, upande aliokuwa akilala marehemu, akaweka kiganja ukutani. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Haijapenya?" aliuliza Makadirio, kwa sauti ambayo hakuikusudia.

"Haijapenya."

Akaja na yeye, akaweka kiganja. Kukavu. Kifuani alisikia kitu kinapanda, cha joto, na kwa kuwa hakikuwa fedha hakujua akitie mfuko gani.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani, mwenye duka la vyombo, chini ya mwavuli, maji yakimfika vifundoni.

"Fundi yuko wapi? Kwangu kunavuja kama kikapu. Kuvika nyumba yangu yote ni kiasi gani?"

Makadirio alichungulia mlangoni, akaitazama nyumba ya jirani. Hakugusa tepu.

"Mbao mia mbili na nane," alisema. "Nimeshatoa milango na madirisha, nimeshaongeza asilimia kumi za kupotea. Nenda dukani ununue mwenyewe, ukae nazo mwenyewe. Misumari chukua isiyoshika kutu. Mimi utanilipa kazi ikiisha."

"Ikiisha?"

"Ikiisha, na mvua ikanyesha, ukaona."

"Hutaki kianzio?"

"Sitaki."

Jirani alirudi nyuma hatua mbili. Alimtazama Makadirio kuanzia vumbi la kichwani mpaka vidole vilivyovimba, kisha akamwinamia Mama Pindo na kunong'ona kwa sauti iliyosikika mtaa mzima:

"Mama, huyu mtu umemtoa wapi? Fundi gani anakataa kianzio? Tapeli huyo!"

Akaondoka mbio kwenye mvua, mkono mmoja kwenye mwavuli, wa pili umebana mfuko wa suruali.