Kitambaa cha Inveta

Jumatatu, 6 Desemba 1993

Balaa. Mwalimu Wabwile, anayefundisha kwaya yetu, alipita nyuma ya zizi asubuhi nikikamua, akanisikia naimba. Sijui alisimama pale muda gani. Jioni mazoezini akatangaza kwamba Askofu akija kutoka Bungoma tarehe kumi na tisa, ubeti wa kwanza wa wimbo wa kumpokea utaimbwa na Sellah peke yake.

Sellah ni mimi.

Sikubisha. Kichwa changu kina tabia ya kukubali chenyewe mtu mzima anapoongea. Kilikubali mara mbili.

Kumwimbia ng'ombe naweza. Ng'ombe hageuki kuniangalia. Watu wanageuka, na wengine wanainuka kidogo ili waone vizuri.

Nina miaka kumi na minane. Nimemaliza Form Four mwezi uliopita. Mtu wa umri huu hapaswi kuomba daraja lisombwe na mafuriko ili mgeni asifike. Nimeomba kidogo tu.

Jumanne, 7 Desemba

Nimepata njia! Katika stoo ya kanisa kuna kinanda cha stima kilichoachwa na wamisionari, pamoja na spika yake. Hakijapigwa miaka miwili. Mahali pa betri ndogo pameliwa na kutu, na nguzo za stima zinaishia Endebess sokoni, maili nne kutoka hapa. Kwa hiyo kinanda kimelala.

Lakini mimi najua kupiga kinanda. Nilifunzwa shuleni Bungoma. Na anayepiga kinanda hawezi kuimba peke yake mbele ya watu. Anakaa kwenye kona, amewapa watu mgongo. Hakuna anayemuuliza kitu.

Kinachotakiwa ni stima. Katika kitabu cha fizikia kuna kifaa kinachogeuza nguvu ya betri ya gari iwe kama stima ya nyumbani. Inveta. Nimeiandikia Kamati ya Kanisa barua ya kurasa mbili kuhusu faida zake. Nimetia sahihi "Mpenda Maendeleo". Nimeisukuma chini ya mlango wa ofisi na kukimbia.

Jumatano, 8 Desemba

Kamati ilikaa. Kwaya tuliitwa kusikiliza. Mwalimu Wabwile alisoma barua yote kwa sauti, kisha akaomba Sellah afafanue aya ya pili.

Nilimuuliza polepole kwa nini mimi. Akasema yeye ndiye aliyenifundisha kuandika darasa la kwanza, na hajawahi kuona mtoto mwingine anayeipa herufi g mkia mrefu hivyo.

Jairus akapinga. Jairus anaimba besi na baba yake ana trekta na jenereta, kwa hiyo hupinga mara nyingi. Alitaka tutumie jenereta yao, na yeye awe wa kuiwasha. Akasema, "Hiyo inveta haina hata kelele. Stima bila kelele, bana, utajuaje iko?" Mzee mmoja akamkumbusha harambee ya mwaka jana, ambapo jenereta hiyo ilinguruma mpaka mahubiri yote yakasikiwa na jenereta peke yake.

Basi ikabaki kauli ya kina mama. Mwenyekiti wao, Mama Wepukhulu, alinitazama kwa upendo akauliza, "Sellah, mama, na hiyo kitu si itachemsha birika yangu?"

Birika hilo kila mtu analijua. Ni la stima. Alipewa na kaka yake siku ya harusi, mwaka sabini na tisa. Linakaa kwenye kabati la vioo, chini ya kitambaa cheupe, na hupanguswa kila Jumamosi. Halijawahi kutiwa maji. Ndoto yake ni kumpa Askofu chai iliyochemkia humo.

Kumwambia hapana Mama Wepukhulu mbele ya watu? Nilisema, "Tutaona, Mama."

Kina mama walipiga vigelegele. Inveta ikapita bila kupingwa.

Ijumaa, 10 Desemba

Kitale, na pesa za mfuko wa kwaya kwenye soksi. Nilitumwa peke yangu kwa kuwa ni mimi niliyesoma fizikia.

Duka la vifaa vya stima la Mzee Gurdev liko nyuma ya soko. Ana kilemba cha rangi ya samawati na ndevu nyeupe, na Kibukusu chake ni kizuri kuliko changu. Alinisalimia kwa Kibukusu, mimi nikajibu kwa Kiswahili, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Nilitaka ile kubwa inayong'aa, iliyoandikwa 300. Akaniuliza kwanza nitachomeka nini. Akatoa kalamu. Kinanda, watt kumi na tano. Spika, watt sitini. Akajumlisha, akazidisha mara mbili ili isielemewe, akasema watt mia na hamsini zinanitosha. Ile ya mia tatu, alisema, hiyo mia tatu inaiweza kwa kufumba na kufumbua tu. Ukiitumia kutwa ni mia na hamsini ileile, na bei ni ya mia tatu.

Kisha akauliza betri ni ya volti ngapi. Nikasema ni ya trekta ya akina Jairus. Akasema, "Binti, sikukuuliza ya nani." Nikasema ni kumi na mbili. Akairudisha kwenye rafu ile aliyokuwa ameshika, kwa sababu ilikuwa ya malori, ya ishirini na nne.

Nikajikaza. Nikauliza kama inaweza kuchemsha birika. Kwa mfano. La mtu fulani.

Mzee Gurdev aliweka kalamu chini. Alisema kitu cha kutoa sauti au mwanga kinakula kidogo. Kitu cha kutoa joto kinakula kama wageni wa harusi. Birika, pasi, jiko: visahau. Birika moja linataka watt elfu mbili. "Ukichomeka birika hapa, italia kama mbuzi, halafu itanyamaza."

Nimeyaandika yote kwenye karatasi. Nitamwambia Mama Wepukhulu kesho.

Jumanne, 14 Desemba

Sijamwambia. Jumamosi alikuwa shambani. Jumapili alikuwa na furaha. Jana ilikuwa sikukuu.

Leo tumefunga inveta kanisani. Jairus ameleta betri kwa sharti kwamba jina lake litajwe Askofu akiwepo. Akataka kufunga waya mwenyewe. Alikuwa anapeleka mwekundu kwenye alama ya kutoa. Nilikohoa. Akaendelea. Nikakohoa sana. Mwalimu Wabwile akaniuliza kama nina homa ya kifua. Mwisho nilimpokonya Jairus waya na kuufunga mwenyewe. Mwekundu kwa kujumlisha, mweusi kwa kutoa. Jairus akasema ati hata yeye alikuwa anaelekea huko.

Ikawaka! Taa ndogo ya kijani, kisha kinanda. Wazee wawili walivua kofia.

Kuna mngurumo kidogo kwenye spika. Mmmm, usiokoma. Mzee Gurdev alinionya kwamba inveta za bei yetu huwa na sauti hiyo. Nilidhani Mwalimu atakasirika. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akasema hiyo ni noti yetu hasa ya kuanzia. Tangu leo kwaya inachukua sauti kutoka kwa inveta. Hatujawahi kuanza pamoja vizuri hivi.

Ubeti wa peke yangu umefutwa. Nakaa kwenye kona, nimetazama ukuta. Mvua imeutia ukuta madoa. Ukiangalia sana unafanana na ubavu wa ng'ombe wetu. Sijawahi kuwa na raha kama hii kanisani.

Alhamisi, 16 Desemba

Nimekwenda kwa Mama Wepukhulu kumwambia kuhusu birika. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu njiani.

Alinipa chai. Alinipa ya pili. Akafungua kabati, akatoa birika, akaniruhusu nilishike. Alisema kaka yake alifariki mwaka themanini na nne, na kila alipokuja kutembea alikuwa akiuliza, "Dada, umeshalichemsha?" Naye alikuwa akijibu, "Bado, stima iko njiani."

Nilikwenda kusema hapana. Nimerudi na mkungu wa ndizi.

Nimebuni njia bora zaidi. Nimeandika tangazo kwa herufi kubwa na kulibandika juu ya inveta: TAFADHALI KITU CHA MOTO KISICHOMEKWE HAPA. Sikutia sahihi. Atalisoma mwenyewe, na hakutakuwa na mtu aliyemkatalia.

Jumamosi, 18 Desemba

Mama yangu hakulala mapema siku tatu hizi. Nilidhani ni meno. Kumbe alikuwa anashona.

Leo amenipa. Kitambaa cha krosheti, cheupe, maua ya waridi pembeni, na katikati kwa uzi mwekundu: KARIBU MGENI. Cha inveta. Alisema haiwezekani Askofu aingie akute chombo cha binti yake kiko uchi. Redio yetu ina kitambaa, thamosi ina kitambaa, mtungi una kitambaa. Inveta imekosa nini?

Aliivisha mwenyewe. Kinafika mpaka chini. Tangazo langu limefunikwa lote.

Ningekitoa. Lakini alirudi nyuma hatua tatu, akaangalia, akajipangusa jicho na pembe ya leso. Hakuwahi kumaliza darasa la nne, mama. Aliniuliza kama nimekipenda.

Nimekunja pembe moja ili inveta ipate hewa. Akaikunjua.

Jumapili, 19 Desemba

Andika kwa utaratibu, Sellah.

Askofu alifika saa nne. Daraja lilikuwa zima. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mchungaji akamshukuru Jairus kwa betri. Jairus akainama mara mbili.

Kwaya ilisimama. Mimi kwenye kona, uso kwa ukuta. Nilipiga utangulizi wote bila kosa. Nilijisikia kama mtu asiyekuwepo. Raha tupu.

Ndipo nilipomwona Mama Wepukhulu akija pembeni, amenyata, birika kifuani kama mtoto mchanga. Alipiga magoti mbele ya inveta. Aliinua pembe ya kitambaa kwa vidole viwili, kwa adabu kabisa, kiasi cha kuona tundu la soketi na si zaidi. Nilikohoa. Akanitabasamia.

Inveta ililia kama mbuzi. Halafu ikanyamaza.

Kinanda kimya. Spika kimya. Ule mngurumo umeondoka, na watu ishirini na wanne wa kwaya wamefungua midomo bila noti. Mwalimu Wabwile ameinua mikono, na mikono imekwama hewani. Jairus akanong'ona, "Si niliwaambia." Nikamwona Mama Wepukhulu angali amepiga magoti, uso unaanza kubadilika. Alikuwa anaelewa kwamba ni yeye. Mbele ya Askofu. Dakika moja zaidi na kanisa zima lingegeuka kumtazama.

Mimi najua kutazamwa kulivyo.

Nilichotaka ni kuwapa noti tu. Niliikumbuka, nimekaa nayo siku tano. Nikafanya kama inveta: mmmm. Nilidhani kwaya itaingia. Hawakuingia. Kanisa lilinyamaza, wote wakafikiri ndivyo wimbo unavyoanza. Ukishatoa mmmm mbele ya Askofu huwezi kuishia hapo. Nikaimba ubeti wa kwanza. Nikauimba wote, nikitazama ule ubavu wa ng'ombe ukutani. Kwenye ubeti wa pili kwaya ikaingia nyuma yangu kama maji.

Hakuna aliyemtazama Mama Wepukhulu. Alirudi kwenye benchi lake na birika chini ya leso.

Baadaye chai ilichemshwa kwa kuni, ikachelewa saa nzima. Askofu akamuuliza Mwalimu ni nani aliyeimba. Anataka niimbe Bungoma siku ya Pasaka. Peke yangu. Kichwa kikakubali.

Mama Wepukhulu alinivuta kando akaniambia birika lilipata vuguvugu. Alilishika mwenyewe. Maji yalikuwa yameanza kabisa.

Halikupata vuguvugu. Nikasema, "Ndiyo, Mama, nililiona."

Jumanne, 21 Desemba

Kitale. Nilipeleka inveta nikiwa nimeifunga kwa kitambaa. Kumbe ni fyuzi tu. Mzee Gurdev alitia nyingine kabla sijamaliza kuomba radhi. Akauliza nilichomeka nini. Nilikohoa. Akacheka mpaka akaegemea kaunta. Kisha akakisoma kitambaa, akauliza nani amekishona, na kama mkewe, Lajwanti, anaweza kupata kingine cha televisheni. Mama alipoambiwa hakutaka hata chakula cha jioni. Ameshaanza waridi la kwanza.

Nimefikiria habari ya Pasaka kwa makini. Kanisa la Bungoma lina stima ya nguzo na kinanda kikubwa. Nimewaandikia wazee wa huko barua ya kurasa tatu, nikishauri kwamba siku ya Pasaka kinanda kipigwe na mgeni, ikiwezekana binti kutoka upande wa Endebess, na kuimba waimbe wengine. Nimetia sahihi "Mpenda Maendeleo". Safari hii nimezikata g zote mikia. Hawawezi kunijua.

Nilipokuwa nalamba bahasha, hodi. Mama Wepukhulu, na birika lake. Amesikia inveta imepona. Anasema Krismasi ni Jumamosi, watoto wa marehemu kaka yake watakuja kula kwake, na hataki kitu kikubwa. Kikombe kimoja tu.

Karatasi ya Mzee Gurdev ilikuwa mezani, mbele yangu. Watt elfu mbili, imepigiwa mstari mara tatu.

Nimesema tutaona.