Jinsi Komanda Bertrand Alivyopendwa

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Uvira, kuanzia Kalundu hadi Kavimvira, kwamba kutamani ni jambo zito la utawala, na kwamba tangu leo hakuna raia atakayetamani kitu chochote bila Idara ya Matakwa kujulishwa.

Maneno hayo niliyasoma mimi, Jean-Berchmans, nikiwa nimesimama juu ya gari la jeshi sokoni Mulongwe, nikitumia kipaza sauti kilichokubali neno moja na kukataa la pili. Ilikuwa miaka ile ya vita, mji ukiwa mikononi mwa jeshi letu la Harakati, milima mikononi mwa wengine, na ziwa mikononi mwa aliyewahi. Wanawake walinisikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea kupanga mafungu ya samaki wao wa ndagala. Nikaona kwamba ujumbe umefika.

Kwa wasiojua chanzo cha Idara, nieleze. Kule mtaani Kasenga aliishi mwalimu wa historia, Concilie, ambaye shule yake ilikuwa imegeuzwa kambi. Mgeni mmoja aliyewahi kufundisha naye alipokimbia vita alimwachia kisanduku cha dadu zenye nyuso nyingi, pamoja na mchezo wake. Ni mchezo wa kusimulia. Concilie, ambaye wachezaji humwita mwenye meza, husimulia nchi ya kubuni yenye wafalme, mazimwi na mapango ya kutosha. Kila mchezaji hujichagulia mtu wa kuwa: mchungaji, mganga, mwizi mwenye roho nzuri. Husema mtu wake anafanya nini, dadu huamua kama amefaulu, na mwenye meza husimulia kilichotokea. Mchana, risasi zikilia mlimani na watu hawana pa kwenda, walikaa barazani kwake wakicheza. Hakuna aliyeona ubaya.

Ila katika nchi hiyo kulikuwa na pete. Anayeipata huomba jambo moja, lolote lile, nalo huwa. Akaipata Ndihokubwayo, seremala, mume wa Pudentienne muuza samaki. Mchezoni alikuwa mchungaji wa mbuzi. Akaivaa pete, akafikiri kidogo, akaomba kila askari arudi kwao.

Habari zilifika ofisini zikiwa zimenenepa njiani: kwamba Kasenga kuna mwanamke anayetimiza maombi, na ameshaagizwa kuliondoa jeshi. Komanda Bertrand, mkuu wa mji, akaamuru Ndihokubwayo akamatwe. Kosa lake lilikuwa kutamani ovyo wakati wa vita. Alifungiwa katika ghala la zamani la pamba, ambalo ndilo lilikuwa kasho, jela yetu, na humo aliwakuta wengine ambao makosa yao yalikuwa bado yanatafutwa. Jioni hiyo hiyo Idara ikaundwa. Mimi niliteuliwa mkurugenzi kwa kuwa nilikuwa na koti.

Kazi ilikuwa nyingi. Pudentienne alikuja kila siku na sufuria ya ugali kwa ajili ya mumewe, akanieleza kwamba anakohoa, kwamba ghala lile lina vumbi la pamba na hana pumzi nzuri tangu utoto. Nilimfafanulia kwa upole kwamba ombi la mtu kurudi kwao ndilo hasa lililopigwa marufuku. Akanijibu kwamba mumewe si askari, kwa hiyo yeye angeweza kurudi bila kuharibu vita. Hoja ilikuwa mpya. Nikaipeleka kwenye kamati, na kamati ikaiahirisha.

Concilie naye tulimwita aeleze anavyoendesha maombi. Alikuja amevaa kitenge cha kanisani, akaketi, akasema kama anayefundisha darasa zuri. Alisema hakatai ombi la mtu, wala hamtegi aliyeomba ili ajute, maana mchezaji akiogopa kutamani mchezo umekufa. Ila humtaka aliseme kwa kinywa chake, mbele ya wote, kisha huliacha litimie kwa njia iliyo karibu. Ombi dogo hulitoa kwa mkono mkunjufu. Ombi kubwa huwauliza wote walioketi mezani, kwa sababu wote ndio watakaoishi ndani yake.

Kamati ilishtuka. Mjumbe mmoja alisema huo ni mfumo wa utawala, tena wa kigeni. Komanda Bertrand hakushtuka. Aliuliza kama pete bado ipo.

Alikuja Kasenga siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, na walinzi wake, kiti chake na mimi. Kiti cha Ndihokubwayo alikuwa amekikalia Pudentienne. Mume akiwa ndani, mbuzi wa mchezoni walihitaji mtu. Komanda alisema yeye atakuwa mfalme. Concilie hakubisha. Lakini dadu hazikuwa zimepata taarifa za vyeo. Mfalme akaanguka mtoni, akapotea msituni, akapigwa pembe na mbuzi wa Pudentienne, ambaye aliomba radhi kwa niaba ya mnyama. Walinzi waliinamisha vichwa wakitazama viatu vyao. Mimi pia nilikuwa na viatu.

Ajabu ni kwamba Komanda hakukasirika. Alivua kofia. Alianza kusogeza kiti karibu na meza, akanong'ona na dadu kabla ya kuzirusha, na alipoipata ile pete kwenye pango, alisimama kama kijana aliyefaulu mtihani wa taifa.

Concilie alimwambia aombe.

Nilimjua Komanda kwa miaka. Nilitarajia ngome, au mizinga. Akasema kwa sauti ndogo, akitazama meza, kwamba anataka watu wa ufalme wake wampende.

"Wakupende kweli, ao wakuogope muzuri?" aliuliza Concilie. "Njo maneno mbili tofauti, Komanda."

"Kweli. Kuogopa, wananiogopa tayari."

Hapo Concilie alifanya alivyotuambia. Hili ni ombi kubwa, alisema, akageukia meza na kuwauliza wachezaji: ninyi ndio watu wa ufalme huu, asubuhi mnaamka mnampenda mfalme. Mfalme ameamka amefanya nini?

Pudentienne akaweka dadu yake chini.

"Amefungua kasho," alisema. "Waliokuwa ndani wamerudia nyumba zao. Na ule mwenye kukohoa, amerudia wa kwanza."

Mwingine, kwa kuona Pudentienne hajapigwa, akaongeza kwamba mfalme ameondoa kizuizi cha darajani, pale ambapo kila mama huacha samaki wawili ili apite. Concilie akasimulia yote kwa utulivu: milango ikifunguka, wanawake wakivuka daraja na beseni zao zikiwa zimejaa, jina la mfalme likiimbwa. Komanda alisikiliza mdomo ukiwa wazi. Macho yake yalikuwa mbali. Akasema ikuwe vile.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Niliinuka, nikamuuliza kama ombi hilo ni la mchezoni tu ama ni la mjini pia.

Hilo swali halikumpendeza. Walinzi walikuwa wanamtazama, na alikuwa amekwisha kupigwa na mbuzi mbele yao.

"Neno yangu iko moja tu," alisema. "Haina ndani, haina inje. Weye fanya kazi yako."

Nikafanya kazi yangu. Baadaye alikiri kwamba aliponiona natoka alidhani naenda chooni.

Ghala la pamba lilifunguliwa kabla jua halijashuka nyuma ya milima. Ndihokubwayo alitoka akiwa ameegemea ukuta, na Pudentienne, aliyekuwa amenifuata kwa mwendo wa karibu kukimbia, alimfikia wa kwanza. Alimfuta vumbi usoni kwa kitenge chake, akampa mkono, wakaenda taratibu. Kizuizi cha darajani nilikivunja mwenyewe. Askari waliokilinda walipiga saluti. Waliambiwa ni amri ya Komanda, na ilikuwa kweli.

Asubuhi Komanda alinifuata ofisini akiwa na bastola na mpango kamili wa kuwarudisha wote ndani. Nilimkumbusha maneno yake. Akatoka akipiga kelele kwamba atalishughulikia yeye mwenyewe, na hakufika mbali. Sokoni mama mmoja alimzuia, akamwekea mkononi samaki mzuri wa mukeke aliyefungwa kwa jani. Akamwita baba. Hakuomba kitu. Komanda alisimama na samaki wake katikati ya njia, askari wakisubiri amri, na amri haikuja. Alirudi kambini, akamla. Tangu siku hiyo akawa ananyoa ndevu kila asubuhi na kupita sokoni bila sababu. Watoto walimsalimia. Alijifunza majina yao.

Makao makuu ya Harakati yalisikia. Ujumbe ulikuja kwa redio: Komanda Bertrand aeleze kwa nini raia wanampenda. Alijibu kwamba hajui. Jibu hilo lilichukuliwa kuwa la hatari sana, maana komanda anayeogopwa anahitaji bosi, lakini komanda anayependwa anahitaji nini? Maofisa wawili wenye miwani nyeusi walikuja na gari kumchukua. Harakati iliona ni vyema akapumzike mbali, mahali pasipo na watu.

Tatizo ni kwamba gari lilipaswa kupita Mulongwe. Mji mzima ulikuwa barabarani. Concilie alikuwepo, na Pudentienne, na Ndihokubwayo akiwa na kikohozi chake, ambacho kilikuwa kimepungua. Watu waliimba. Wengine walilia, na kila aliyelia aliandikwa na ofisa wa kushoto. Nilikuwa nimekaa nyuma ya gari nikilinda mizigo, nikaona jinsi jasho lilivyomtoka Komanda. Alielewa kwamba kila kitambaa kilichopungwa kilikuwa ushahidi.

Akasimama garini. Mikono ikatulia, nyimbo zikakatika, wote wakidhani anawaaga.

"Ndugu zangu," alisema, "naomba munitukane. Kidogo tu. Iko amri."

Watu walitazamana. Kwa miaka yote ya vita mji wa Uvira ulikuwa umetii kila amri ya Harakati: ulifagia barabara, ulibeba risasi, ulishangilia ulipoambiwa ushangilie. Pudentienne alisogea mpaka kwenye mlango wa gari, na ofisa wa kushoto akatayarisha kalamu.

"Hapana, baba," alimwambia Komanda. "Wende salama."

Na nyimbo zikaanza upya, zikiwa kubwa zaidi.