Sare Sita za Bluu

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mkaguzi anakuja Alhamisi. Barua imefika leo mezani kwangu, mimi msimamizi wa makao haya ya wazee. Anataka kuona wahudumu wanane kazini. Nimehesabu mara tatu: wako wawili. Wazee ni ishirini na sita. Nikampigia simu mwenye makao. Akasema nitumie akili, akakata. Nimeanza kuitafuta.

Jumanne, 4 Machi
Nimeipata! Stoo kuna sare sita za bluu, za wahudumu walioacha kazi. Kwenye korido kuna wazee wenye nguvu zao, wanashinda wakitazama ukuta. Sare hazina watu, watu hawana shughuli. Mbona hakuna aliyeliona hili kabla yangu? Mpishi kasema nimechanganyikiwa. Wivu tu. Hanipendi tangu nimwambie uji wake una mabonge.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi. Sita wamekubali. Babu Kofia kavaa sare juu ya koti, kakataa katakata kulivua. Nimemfundisha kuwashika watu mkono na kuwapeleka chooni kwa upole. Anaweza sana! Tatizo ni bibi wa chumba cha sita. Tunamwita Sista, alikuwa muuguzi miaka thelathini. Akauliza nani anamgeuza Babu Redio wa chumba cha tisa, asiyeweza kujigeuza kitandani. Nikasema ipo ratiba. Akataka kuiona. Nikasema inaandaliwa. Maswali yote hayo, na kazi yake ni kusimama tu!

Alhamisi, 6 Machi
Sielewi kilichotokea. Niandike tu kilivyokuja.
Mkaguzi ni mama mfupi mwenye viatu vya raba. Hapo mlangoni akamkuta mhudumu wangu wa kweli, aliyeunganisha zamu mbili, kasinzia kitini mdomo wazi. Mkaguzi akamfunika blanketi, akamwuliza kama wanawe huja kumtembelea. Kabla sijafafanua, Babu Kofia akamshika mkaguzi mkono na kumpeleka chooni. Kwa upole! Nikawakimbilia. Nikasema huyu ni mhudumu, yule ni mzee, hapana, kinyume chake. Mwishoni hata mimi sikujua nani ni nani.
Ndipo Sista akapaza sauti kutoka chumba cha tisa: “Leteni maji ya uvuguvugu na shuka safi! Mgongo wa mtu unachubuka huku, nyinyi mnaigiza!”
Tukakimbia wote. Mkaguzi akakunja mikono ya blauzi. Mimi nikashika beseni. Kidonda kilikuwa kipana kama kitako cha kikombe. Sista alikisafisha taratibu, huku akimwimbia. Babu Redio akanishika kidole. “Asante, mwanangu,” akasema. “Nilidhani mmehama.”
Macho yaliniwasha. Dawa ya sakafu, nadhani.
Mkaguzi akamsifu Sista, akamwuliza ana miaka mingapi kazini hapa.
“Mimi sifanyi kazi hapa, mwanangu. Naishi chumba cha sita.”
Mkaguzi akanigeukia. Nikatazama beseni.

Ijumaa, 7 Machi
Mwenye makao kapiga simu. Kapiga kelele hadi betri yangu ikaisha. Sikupata nafasi ya kumwambia kwamba sare zote zimerudishwa stoo.

Jumatatu, 10 Machi
Ripoti imefika. Tuajiri wahudumu sita ndani ya mwezi mmoja. Babu Redio ageuzwe kila baada ya saa mbili. Na humu ndani, imeandikwa, huduma bora kuliko zote ilitolewa na mkazi wa chumba cha sita.
Sasa nimeelewa! Nimejaza fomu ya ajira kwa jina la Sista, zamu ya asubuhi. Umri wake ni themanini na mmoja, nimeandika arobaini na mmoja, asije akakataliwa. Nikampelekea. Nikamwambia anaishi palepale kazini, hatachelewa hata siku moja. Akavaa miwani, akaisoma yote, akanifukuza kwa mkongojo hadi getini.
Nadhani ni zamu ya asubuhi asiyoipenda. Kesho nitampelekea ya mchana.