Lori Lenye Masikio

Jumapili, 6 Agosti 1972

Mwalimu wa ngumbaru amesema tuandike kila siku tusije tukasahau herufi. Haya, naandika. Siku mbaya.

Ongeri, mzaliwa wangu wa kwanza, amenunua sanduku. La bati, jekundu. Anasema anakwenda Mombasa kutafuta kazi. Mombasa! Kijana ana ndevu, lakini akila samaki ni mimi namtolea miiba. Nani atamtolea huko?

Lakini Mungu yuko. Mchana nikasikia Mzee Angwenyi, mwenye lori linalobeba majani chai hapa Kebirigo, anatafuta dereva. Kijana wa hapa atakayepata leseni Jumanne ya wiki ijayo, tarehe 15, lori atapewa yeye. Hata pikapu ya kufanyia mtihani Angwenyi ataileta mwenyewe. Ongeri amekubali kujaribu. Akipita, anabaki nyumbani. Akianguka, Jumatano asubuhi anapanda basi.

Shida ni moja tu. Ongeri ameosha magari mengi. Kuendesha, bado.

Shida nyingine ni Mama Fred, Nereah, mwenye duka la samaki na sabuni hapo sokoni. Rafiki yangu, sikatai. Lakini Fred wake anafundishwa huko Kisii mjini, kwa gari la kweli. Nimeelezwa habari hiyo mara nyingi bila kuuliza.

Jumatatu, 7 Agosti

Kaka yangu Nyasani amefika kutoka Tabaka, kule wanakochonga yale mawe laini. Yeye mtihani wa leseni anaujua kuliko mtu yeyote, maana ameanguka mara nyingi. Amesema kwanza unaitwa mezani. Juu ya meza umechorwa mji mdogo, na kuna kigari cha kuchezea. Inspekta anakwambia toka hapa nenda pale, nawe unasukuma kwa kidole. Ukiweza, mnapanda gari la kweli mpaka mlimani.

Nikauliza, yaani mezani ni mchezo? Akasema ndiyo, ni mchezo, na ndio uliomwangusha.

Hapo hapo nikapata akili, mpaka nikamwaga maziwa. Kama Serikali inapima watu kwa mchezo, mimi ninashindwaje kufundisha kwa mchezo? Gari la nini? Fred aendelee tu kumaliza petroli za watu.

Nyasani atanichongea lori dogo la mawe. Nimemwonya, lori, Nyasani! Tangu ajue kuchonga, huyo mtu anachonga viboko tu, wa mtoni. Amekasirika. Ati yeye ni fundi.

Jumatano, 9 Agosti

Gari liko tayari uani! Kiti ni kile cha kukunja cha Okemwa, mume wangu. Usukani ni kifuniko cha sufuria kubwa, nimekipigilia msumari kwenye mti. Gia ni mpini wa jembe. Klachi, breki na mafuta ni matofali. Kioo cha kuangalia nyuma ni kile Okemwa ananyolea ndevu.

Ongeri aliliona akacheka. Nikalia kidogo. Akaketi.

Mwanzo mimi ndiye nilikuwa nanguruma. Brrrrm, brrrrm, mpaka koo likakauka. Nikamwambia, tata, mwanangu, gari ni lako, nguruma mwenyewe. Akanguruma. Alaa, kumbe ana kipaji! Gia ya kwanza sauti nzito, gia ya tatu sauti nyembamba. Ukifumba macho unatafuta nauli mfukoni.

Na kweli. Mama mkwe wangu, Magokoro Bonareri, macho yake si mazuri siku hizi. Alisikia mngurumo, akaja na kikapu cha ndizi, akakaa kwenye gogo nyuma ya Ongeri. Akasema ashushwe Kiogoro kwa dada yake. Nikamweleza huu ni mchezo wa kujifunza kazi. Akasema haidhuru, yeye hana haraka, lakini asipitishwe Kiogoro. Baada ya muda akauliza tumefika wapi. Nikasema, mama, bado tuko Kebirigo. Akasema dereva huyu ni mzuri ila anasimama sana.

Okemwa alirudi kutoka shambani. Akatazama kiti. Akatazama kioo. Akauliza yeye atakaa wapi. Nikamwambia asimame kwanza, ni kwa ajili ya mtoto wake.

Ijumaa, 11 Agosti

Lori la Nyasani limefika. Lina magurudumu manne, mazuri sana. Pia lina masikio. Nilipouliza, mletaji akasema ameambiwa aseme hizo ni taa. Na hayo meno mbele? Hakuambiwa kitu. Basi. Mchezo ni mchezo.

Nimesiriba uwanja kwa kinyesi cha ng'ombe, nikachora Kisii yote kwa jivu. Soko, posta, mzunguko, stendi. Ongeri anasukuma kiboko chake, mimi ni polisi. Dada yake Nyaboke ni ambulansi, anapiga kelele vizuri. Pale posta kuna mchwa, kwa hiyo kuku wanavuka kila mara. Nilikataza wasifukuzwe. Hata barabara ya kweli ina kuku! Sasa Ongeri akifika posta anasimama mwenyewe, anangoja, anaendelea. Kijana ana adabu barabarani, nashukuru Mungu.

Jioni alirudi kwenye kiti. Mama Fred akaja kuchungulia, ati anaazima ungo. Akapita upande wa kulia wa gari. Wakati huo Ongeri alikuwa anageuka kulia, na anayegeuka kulia ni lazima atoe mkono nje. Mkono ukamkuta Mama Fred shavuni. Pa!

Kelele zilifika mpaka sokoni. Akasema huyo ni kijana gani wa kupiga wazazi. Ongeri aliomba msamaha mpaka akapiga magoti. Mimi nikasema mwenye makosa ni yule aliyepita bila kupiga honi. Akasema, "Mama Ongeri, hicho ni kiti! Kiti! Kiti kinaenda wapi?" Magokoro akamjibu kutoka nyuma kwamba kinaenda Kiogoro, na kama anapanda apande.

Mama Fred akaondoka bila ungo.

Sanduku jekundu bado liko mlangoni. Nimelifunika na gunia. Nikipita naliona vile vile.

Jumamosi, Sabato, 12 Agosti

Ibada nzima nilikuwa nawaza. Kuendesha kiti siku ya Sabato, ni dhambi? Kama ni kazi, ni dhambi. Kama ni mchezo, pia si vizuri. Okemwa alikaa mbele yangu na ndevu za wiki nzima, watu wakidhani tumefiwa.

Mwishowe nikaamua Ongeri akae kwenye gari bila kugusa kitu, afikirie barabara tu. Alifikiria mpaka akakoroma. Magokoro alipanda kama kawaida. Amesifu. Leo gari halikumrusharusha hata kidogo.

Jumapili, 13 Agosti

Siku ya mlima. Nyasani alisema mlimani ndiko inspekta anakomaliza watu. Gari likirudi nyuma, umekwisha.

Uani kwetu hakuna mlima. Nyuma ya nyumba upo, unashuka mpaka kwa kabichi za Mama Fred. Tukachukua zile mbao za kubebea mizigo, za kukokotwa na ng'ombe, tukafunga kiti juu yake, tukaegesha pale juu, mgongo ukitazama bondeni. Jiwe nyuma la kuzuia. Kamba tukafunga kwenye mgomba. Mimi ndiye wa jiwe. Ongeri akisema tayari, natoa jiwe, yeye anakanyaga breki.

Mvua ya jana ilikuwa haijakauka.

Ongeri akasema tayari. Nikatoa jiwe. Akakanyaga tofali kwa nguvu zake zote. Mungu wangu! Lile tofali si breki ya kweli, lile ni tofali! Gari likaanza kurudi nyuma. Kamba haikukatika, kamba yangu ni nzuri. Mgomba ndio uling'oka, ukawafuata. Ndipo nikaona kikapu cha ndizi na kitambaa cha kichwa. Magokoro alikuwa amepanda! Alipanda lini?

Ongeri aliruka, akakimbia kando ya gari akiokota kila jiwe aliloona na kulitupa nyuma ya mbao. Jiwe la mwisho likashika. Gari likasimama katikati ya kabichi. Mgomba ukafika baadaye kidogo.

Nilishuka nikianguka, nikilia mama, mama, umeumia? Magokoro alikuwa anapangusa matope usoni. Akasema sasa hii ndiyo gari. Akauliza nyumba ya dada yake iko upande gani.

Mama Fred hakutukana. Alisimama tu anatazama kabichi. Afadhali angetukana.

Ongeri ameniambia kwa upole kwamba jiwe la mlimani hatampa mtu mwingine tena. Jioni nzima amefanya mazoezi ya kuweka jiwe. Nimemwambia hilo inspekta haulizi. Hasikii.

Jumanne, 15 Agosti

Nitaandika hivyo hivyo, herufi zipinde zikitaka.

Tulikwenda Kisii mimi na Ongeri. Nilibeba uji kwenye chupa. Mama Fred naye alikuja na Fred, amevaa viatu vyake vya kanisani. Hatukusalimiana vizuri.

Mezani Ongeri aliwashinda wote! Alipopewa kigari akakigeuzageuza, nadhani anatafuta masikio, halafu akasukuma kama maji. Akafika posta, akasimama. Inspekta akauliza anangoja nini. Akasema, afande, kuku. Inspekta akatazama meza muda mrefu, kisha akasema huyu ni dereva mwangalifu. Nikamtazama Mama Fred. Nilimtazama sana.

Kisha pikapu. Wakaingia. Mimi niko kwenye ua, nimekumbatia chupa ya uji. Nikamwona Ongeri anarekebisha kioo. Safi. Akakanyaga, akashika gia. Safi. Brrrrm! Sauti nikaisikia mpaka kwenye ua. Akatoa mkono nje, akageuka kulia. Akabadilisha gia. Akainama kwenye kona. Akasimama kwa ajili ya kuku. Akapanda mlima, jasho likimtoka.

Pikapu haikuwa imetoka mahali pake.

Watu walianza kukusanyika. Inspekta alikuwa ameshika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Mwishowe akauliza wamefika wapi. Ongeri akavuta breki ya mkono, akamjibu kwa heshima kwamba hapa ni Kiogoro, kama kuna mtu wa kushuka.

Ufunguo! Hakuna aliyetuambia habari za ufunguo!

Fred yeye aliwasha, akatoka mpaka mlimani, Mama Fred akifuata kwa mbio na viatu vile, sisi sote nyuma yake. Katikati ya mlima gari likazima. Likaanza kurudi. Mama Fred alikuwa hapo nyuma yake, amesimama kama nguzo, viatu vimezama kwenye matope. Watu wakapiga mayowe. Ongeri hakupiga mayowe. Aliokota jiwe, akaliweka nyuma ya gurudumu, kwak! Gari likasimama. Likasimama karibu sana na Mama Fred, mpaka aliweza kusoma namba bila miwani.

Wote wawili wameanguka mtihani.

Ongeri ametoa gunia juu ya sanduku. Nimeficha kiatu kimoja kwenye pipa la unga.

Jumatano, 16 Agosti

Asubuhi Ongeri alikuwa tayari, anatafuta kiatu. Nikamsaidia kutafuta kwa bidii, kila mahali isipokuwa kwenye unga. Tulifika hatua ya kuhamisha kitanda. Magokoro, ambaye anasahau kila kitu, akakumbuka. Akasema kiatu aliniona nacho kwenye pipa.

Ongeri akakipangusa unga. Hakunigombeza. Akaniambia, mama, wacha niende. Nikamwambia nenda, tata. Nikampa ndizi za njiani. Nikasema samaki ule polepole.

Ndipo lori likanguruma nje, lori la kweli. Mzee Angwenyi. Alisema tangu jana hajamaliza kucheka, mbavu zinamuuma, lakini hakuja kwa kicheko. Dereva anaweza kungojwa, kwa sasa ataendesha mwenyewe. Kitu ambacho hajawahi kupata ni taniboi, msaidizi wa dereva, anayejua kuweka jiwe kabla ya kuambiwa. Ongeri akitaka, aanze leo. Na akijifunza hilo gari, kwa ufunguo tafadhali, udereva utamngoja mbele.

Ongeri akatazama sanduku. Akanitazama. Akaniuliza kama ugali wa jana umebaki.

Nimelia kwenye uji, ukaingia chumvi.

Jumapili, 20 Agosti

Ongeri amefanya kazi mpaka Ijumaa. Anarudi jioni ananuka majani chai na petroli. Harufu nzuri kuliko zote.

Leo Mama Fred amekuja. Nikafikiri ni kabichi. Kumbe ameleta samaki. Akazunguka zunguka na maneno, halafu akauliza, kama sitajali, Fred naye anaweza kupanda zile mbao za mlimani kabla ya mtihani mwingine? Nikasema nitafikiri. Sikufikiri. Nikasema ndiyo kabla hajakaa.

Nimeona wazi sasa. Mchezo wangu hauna kosa lolote, kosa ni la ufunguo peke yake. Kwa hiyo nimefunga ufunguo wa ghala kwenye usukani. Ukiuzungusha, unasema mwenyewe krrr krrr kwa mdomo.

Na Nyaboke anataka kuwa nesi. Mbona tungoje? Nimetandika kitanda uani. Sanduku jekundu sasa ni kabati la dawa. Sindano ya kweli haihitajiki, atasema tsss kwa mdomo. Okemwa nimemwambia alale chali, avunjike mguu. Amelala bila ubishi. Anasema angalau amepata mahali pa kukaa.

Magokoro amekuja na kikapu chake, akapanda kitandani upande wa miguu. Anauliza kama hospitali hii inapitia Kiogoro.